Safu, Kidole na Kwaya ya Baba Mdogo

Nilijifunza lugha mpya ya kompyuta nikiwa Keumbu, ambako kompyuta haikuwapo. Haikuwapo Keumbu, haikuwapo Kisii mjini, na sidhani kama kulikuwa na mtu kuanzia Kiogoro hadi Nyamira aliyewahi hata kuiota. Mimi nilikuwa nimeiona. Mwishoni mwa miaka ya sitini, kabla sijaolewa, nilifanya kazi Nairobi katika ofisi yenye mashine kubwa kama ghala la mahindi. Niliiandikia programu kwa lugha iitwayo Fortran, zikatobolewa kwenye kadi, na kadi zikianguka sakafuni ulitamani kuacha kazi. Kisha nikampata karani mmoja wa benki, Mkisii mpole mwenye meno mazuri. Tukaoana, benki ikamhamishia Kisii mjini, tukajenga kwao Keumbu, karibu kabisa na nyumba ya mama yake. Nikawa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana.

Mimi ni Mmaragoli. Ekegusii changu, yaani Kikisii, wakati huo kilitosha kusalimia na kukubali chakula, basi. Kwa hiyo mimi na mume wangu tuliongea Kiswahili, na mama mkwe akanisemesha kwa Kiswahili alichokiokota akiwauzia ndizi watu wa malori. Kilikuwa Kiswahili cha sokoni, kisichojali ngeli wala kumwogopa mtu.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni, rafiki yangu aliyekuwa ng'ambo alinitumia kurasa za masomo ya lugha mpya iitwayo C, herufi moja tu, kana kwamba walioipa jina walichoka njiani. Akaniambia kuna ofisi Nairobi inayongojea mashine mpya na inatafuta watu wanaoijua lugha hiyo. Kutakuwa na mtihani.

"Jaribu," mume wangu akasema. "Mimi nimeshaomba benki wanirudishe Nairobi. Tukikataliwa wote, tutakataliwa pamoja."

Nilianza vizuri. Nilisoma jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wasichana, na kila ukurasa ulinikubali, mpaka nilipofika kwenye safu.

Katika Fortran, safu ni safu. Ni visanduku vilivyopangwa mstari mmoja, unavihesabu kuanzia moja, unasema unataka cha ngapi, unapewa. Lugha hii mpya ilihesabu kuanzia sifuri, jambo lililoniudhi kama mwalimu. Hata hivyo nilivumilia. Kisha ikaleta kitu kingine, kielekezi. Hiki ni kisanduku kisichobeba kitu chenyewe bali kinabeba mahali kitu kilipo, kama mtu anayekuelekeza kwa kidole. Ukitaka kilichomo huko kinakoelekeza, unaweka alama ya nyota mbele yake. Hilo pia nililimeza.

Ukurasa uliofuata ukasema hivi: ukilitaja jina la safu, linageuka kuwa kielekezi cha kisanduku cha kwanza. Na ukurasa uliofuata huo ukasema: lakini safu si kielekezi. Nilizisoma kurasa hizo mbili nikiwa nimekaa, nikazisoma nikiwa nimesimama, nikazisoma nikikoroga ugali mpaka ugali ukaungua. Nikampelekea mume wangu.

"Kwa hiyo ni kitu kimoja," akasema.

"Hapana."

"Basi ni vitu viwili."

"Kimoja kinageuka kuwa kingine."

"Kinageuka saa ngapi?"

"Ukikitaja."

Akafikiri kidogo. "Basi usikitaje."

Jumapili moja mchana niliamua kufanya kwa vitendo, kama ninavyowafanyia wasichana darasani. Nilitoa sufuria zangu zote nje nikazipanga mstari uani. Katika moja niliweka maharagwe, katika nyingine wimbi, nyingine vitunguu, na kuendelea. Hiyo ndiyo safu yangu. Mwiko ukawa kielekezi. Nikawa natembea na mwiko kutoka sufuria hadi sufuria, nikisema kwa sauti ya darasani, "Mwiko, ongeza moja. Nyota ya mwiko ni nini? Wimbi! Ongeza tena moja. Nyota ya mwiko?"

Sikumwona mama mkwe. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na mkungu wa ndizi kichwani.

"Unaongea na nani?" akauliza.

"Na mwiko, mama."

"Na hiyo nyota?"

"Nyota inakaa hapa mbele ya mwiko. Bila nyota siwezi kujua kilichomo ndani."

Mama mkwe alishusha ule mkungu polepole, kama mtu anayeweka kitu karibu na kitanda cha mgonjwa, akaondoka bila kuaga.

Sisi ni watu wa Sabato, na katika kanisa letu mtu anayesoma nyota ni yule yule anayepiga ramli. Kesho yake alikuja baba mdogo wa mume wangu, mzee wa kanisa na mwongoza kwaya. Kwa desturi za huko yeye alikuwa kama baba mkwe wangu, na mkwe na mkaza mwana huheshimiana kwa kukaa mbali. Watu wengi huishika desturi hiyo kwa kiasi. Baba mdogo aliishika kama kamba ya ng'ombe mkali. Hakuwahi kunisemesha moja kwa moja hata siku moja. Ilibidi mume wangu asimame katikati yetu, sebuleni kwangu mwenyewe.

"Muulize mke wako," baba mdogo akasema, "hizo nyota ni za nani."

Mume wangu akanigeukia. "Anauliza nyota ni za nani."

"Mwambie ni za taipureta."

"Anasema ni za taipureta."

"Nimesikia," baba mdogo akamwambia mume wangu.

Akavaa miwani, akazichukua kurasa zangu, akazisoma kwa muda mrefu huku midomo ikicheza. Mwishowe akazikunja vizuri.

"Mwambie sijaona dhambi hapa. Na maana pia sijaiona. Mwambie anakaa peke yake sana na makaratasi. Aje kwenye kwaya."

"Mwambie siwezi kuimba," nikasema.

Baba mdogo hakungoja aambiwe. "Mwambie hata wengine hawawezi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kwaya, sauti ya pili, kazi yangu ikiwa kuchezesha midomo. Tulikaa kwenye benchi refu kwa mpangilio usiobadilika. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mrefu sana, fundi cherehani, mwenye sauti ya kukatia kioo. Wa mwisho alikuwa muuza mitumba mwenye sauti nzito na kikohozi. Baba mdogo aliongoza kwa kidole. Kidole kikikufikia, unaimba.

Baada ya mavuno ya wimbi tulialikwa kuimba harusini Nyamira, kwa mkulima mmoja wa chai aliyekuwa anamwoza binti yake. Tulikwenda kwa lori la kubebea majani ya chai, tukafika tukinukia kama birika. Wenyeji walikuwa wameandaa skafu za kijani za kuivalisha kwaya, na aliyekabidhiwa kuzigawa alikuwa bwana mmoja mnene mwenye suti ya kahawia, mtu aliyependa kazi yake. Tulikuwa tumejipanga kwenye baraza ya kanisa. Baba mdogo alikuwa mlangoni, anabishana na mchungaji kuhusu tuimbe kabla ya viapo au baada.

"Mzee, kwaya ya Keumbu iko wapi?" bwana wa suti akamwuliza.

Baba mdogo hakugeuka hata kichwa. Alinyoosha kidole tu. "Inaanzia pale, kwa yule mama mrefu."

Bwana wa suti akaja. Akamvika mama mrefu, akasogea, akavika anayefuata, akasogea. Akanivika mimi. Wakati huo mvua ya Nyamira ikaanza bila onyo, na wageni waliokuwa uani wakakimbilia barazani wakajipanga nyuma yetu kwa adabu. Bwana wa suti akamvika muuza mitumba, aliyekuwa wa mwisho wetu, akasogea. Aliyefuata alikuwa askari polisi aliyekuwa likizoni, naye akavikwa. Akavikwa shangazi wa bibi harusi mwenye kofia kama sinia. Hakuna aliyekataa, maana harusini ukipewa kitu unapokea na kushukuru. Nyuma ya shangazi alikuwa mzee mmoja aliyekumbatia jogoo wa zawadi kwa mikono miwili. Skafu ilikuwa imebaki moja. Bwana wa suti alitafuta njia ya kumvika mzee, jogoo akamdonoa, basi akamfunga jogoo.

Tuliingia kanisani sote, tukaketi sote kwenye benchi la kwaya.

Baba mdogo alikuwa na tabia ya kufumba macho wimbo ukimwingia. Siku hiyo ulimwingia mapema. Kidole kikaanza kwa mama mrefu, madirisha yakatetemeka. Kikaja kwetu, tukachezesha midomo. Kikapita kwa sauti ya tatu, kikafika kwa muuza mitumba, akanguruma vizuri bila kukohoa. Hapo kilipaswa kurudi. Lakini macho yalikuwa yamefumbwa na benchi lilikuwa bado na watu, kwa hiyo kidole kikaongeza moja.

Askari kuona mzee wa kanisa anamwelekezea kidole, alisimama wima, visigino pamoja. "Ndiyo, bwana!"

Kidole kikaongeza moja. Shangazi akaanza wimbo mwingine kabisa, wa harusi nyingine, kwa nguvu za mtu aliyekuwa akingoja nafasi hiyo miaka mingi.

Kidole kikaongeza moja. Jogoo akawika.

"Imepita mwisho!" nilisema kwa sauti kubwa, mle mle kanisani, na papo hapo nikaelewa kila kitu.

Baba mdogo aliijua kwaya kama kwaya: benchi lake, watu wake, wanapoanzia na wanapoishia. Lakini alipoikabidhi kwa bwana wa suti, hakumpa kwaya. Alimpa kidole kinachoelekea kwa mama mrefu. Kwa kidole hicho bwana wa suti aliweza kumfikia yeyote kati yetu, hatua moja moja, ila hakuna kitu katika kidole kilichomwambia tunaishia wapi. Kwaya ilikuwa imegeuka kielekezi ilipotajwa. Na bado kwaya haikuwa kidole, maana kidole unaweza kukigeuza kielekee popote, ila sisi na benchi letu hakuna aliyeweza kutugeuza. Zile kurasa mbili hazikuwa zikigombana hata kidogo.

Nilicheka. Niliingiza skafu mdomoni, nikacheka kupitia skafu. Bibi harusi akaanza, mabega yakimtikisika ndani ya shela. Baba mdogo akafumbua macho, akamwona jogoo wa kijani, kisha akaniona mimi.

"Wewe! Unacheka nini?"

Kwaya yetu nzima ikageuza vichwa, maana wote walijua hajawahi kunisemesha. Yeye mwenyewe alishtuka. Akaanza kumtafuta mume wangu kwa macho, mpaka akamwona kule nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mume wangu akasimama. "Anauliza unacheka nini!" akanipazia sauti, kupita vichwa vya watu wote.

"Mwambie nimeelewa!"

"Anasema ameelewa!"

"Ameelewa nini?"

"Tuendelee na viapo," mchungaji akasema.

Tuliporudi nyumbani nilimaliza mazoezi yote kana kwamba ni kumenya ndizi. Programu iliyoandikwa kwa safu niliigeuza ya vielekezi, ya vielekezi nikairudisha ya safu, na kila nilipoikabidhi safu kwa sehemu nyingine ya programu nilituma pia idadi ya visanduku vyake, ili isije ikamvika mtu asiyehusika. Siku moja niligundua kwamba lugha hiyo inakuruhusu kuandika "kwaya" halafu tatu ndani ya mabano, au kugeuza ukaandika tatu halafu "kwaya" ndani ya mabano, na mashine inaona ni sawa. Nikamwambia mama mkwe, aliyekuwa amekaa nami jikoni akichambua chinsaga, mboga yake chungu.

"Hiyo ni makosa," akasema.

"Mashine inakubali, mama."

"Mashine hajaenda shule."

Mtihani ulifanyika Nairobi. Nilipewa programu ya kujumlisha safu niigeuze itumie kielekezi, nikaigeuza. Msahihishaji, kijana mwenye tai nyembamba, akaniuliza kwa nini nimeongeza idadi wakati wenzangu wengi hawakufanya hivyo.

"Kwa sababu ya jogoo," nikasema kabla sijajizuia.

"Samahani?"

Ikanibidi nimsimulie yote, kuanzia baraza hadi kuwika. Alicheka mpaka akavua miwani. Nilipata kazi, na benki nayo ikamrudisha mume wangu Nairobi, jambo tulilokuwa hatulitegemei kabisa.

Mashine mpya yenyewe ilichelewa. Ilichelewa hivi kwamba nilishinda kwenye ya zamani waliyokuwa nayo, nayo ya ukubwa wa ghala, nikiiandikia programu za mishahara kwa lugha ya Cobol, bila kielekezi wala nyota. Mama mkwe alipokuja kututembelea aliomba kuiona, nikampeleka. Alizunguka chumba kizima akiwa ameshika mikono nyuma, akisikiliza vile inavyonguruma.

"Chumba hii yote ni yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na analala hapa peke yake?"

"Ndiyo."

Akatazama madirisha makubwa yasiyokuwa na kitu, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia niwaambie wakubwa wangu waiwekee mapazia.