Boti ya Viti Vyekundu

Kwa miaka ishirini na miwili Kavindu alikuwa ametengeneza stelingi za malori katika kibanda chake cha Kirinyaga Road, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama anajua boti. Kwa hiyo simu ilipoingia Jumanne asubuhi, alidhani amesikia vibaya.

"Iko wapi hiyo boti? Mombasa?"

"Iko Kilimani, hapa hapa mjini," sauti ikajibu. "Kwa parking. Karibu na lifti."

Aliyepiga ni Muthama, ofisa wa bima huko Upper Hill, mwanamume wa tai na viatu vya kung'aa. Miezi minane nyuma alikuwa amenunua boti kuukuu kwenye mnada wa hoteli iliyofungwa. Aliipenda kwa sababu ilikuwa na viti vyekundu. Hakuwa na sababu nyingine, na alimweleza Kavindu hivyo bila aibu yoyote. Tangu siku hiyo boti ilikaa juu ya trela yake, ikimeza nafasi ya magari mawili, na sasa Shiru, mwenyekiti wa wapangaji, alikuwa amempa wiki tatu aiondoe. Muthama alitaka kuipeleka kwenye bwawa la Masinga. Shida ni kwamba usukani ulikuwa umekwama kama umemwagiwa simiti.

Kavindu alifika akiwa na ovaroli na sanduku la spana, akaizunguka boti mara mbili. Nyuma ulining'inia mguu mnene wa chuma, ule unaoingia majini ukiwa na propela na kugeuka kulia na kushoto.

"Unashika usukani mbele, kinachogeuka kiko nyuma," akasema. "Hii ni kama forklift ya kubebea mizigo, Bwana Muthama. Nimetengeneza forklift nyingi."

Alifungua kizibo cha chini cha ule mguu. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Muthama akauliza kama hiyo ni dalili nzuri.

"Ni dalili ya maji. Yameingia ndani."

Walisaidiana kuushusha mguu wote, na hapo Kavindu akaona mpira wa mikunjo unaoziba pale mguu unapoungana na boti. Ulikuwa umepasuka urefu wa kidole kizima. Krosi iliyokuwa ndani yake, kiungo kinachopeleka mzunguko wa injini kwenye mguu, ilikuwa imeshika kutu. Kebo ya stelingi, ile inayounganisha usukani na mguu, nayo ilikuwa imegandamana na bomba lake. Alipasha bomba moto kidogo kidogo, akagonga, akamimina oili, akagonga tena, mpaka saa nane mchana kebo ikachomoka ghafla na kumkalisha chini sakafuni. Alibaki pale akicheka. Mafundi wenzake wangeshangaa, maana kazini Kavindu hakuwa mtu wa kucheka.

Sili za kuzuia maji alizipata kwenye maduka ya Kirinyaga Road kwa kulinganisha vipimo. Krosi, mpira na kebo mpya viliagizwa Mombasa, vikaja na basi. Siku hizo za kungoja ndizo zilizomharibu. Alikuwa akifunga stelingi ya lori la mchanga huku mawazo yake yakiwa Kilimani, na alipofika kwake Kangemi jioni alisimama mbele ya kioo akashika usukani usiokuwepo, akaugeuza taratibu, akajiona mjinga, akaugeuza tena.

Vipuri vilipofika alifunga kila kitu kwa siku mbili. Alijaza oili mpya, akapaka grisi hadi ikamfika kwenye nyusi, kisha akaagiza pipa lililokatwa nusu. Injini ya boti hunywa maji ya kujipoza kupitia ule mguu, kwa hiyo ni lazima mguu uzame. Aliitoa propela isije ikamkata mtu, akajaza pipa, akamwambia Muthama awashe.

Injini ilikohoa mara tatu, ikakohoa mara ya nne, ikashika. Kwa kuwa moshi wake hutokea chini ya maji, pipa lilianza kuchemka na kurusha maji hadi darini. Ngurumo ilijaa jengo zima. Watu walitokeza kwenye ngazi. Shiru akashuka mbio na simu mkononi, tayari kupiga picha za ushahidi, na wimbi la maji likamlowesha kutoka kichwani hadi kiunoni.

Muthama alizima injini.

"Mwenyekiti, pole sana," akasema.

Shiru alijifuta macho, akaitazama ile boti. "Imewaka," akasema polepole. "Kumbe inawaka." Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Naweza kukaa hapo kwa usukani?"

Alikaa kwenye kiti chekundu akiwa amelowa chepechepe, akageuza kushoto, na Kavindu akatangaza kutoka nyuma, "Kushoto imekubali." Akageuza kulia. "Kulia imekubali." Walirudia hivyo mara kumi na moja, ingawa moja ingetosha.

Jumamosi waliivuta boti hadi Masinga, wote watatu. Kavindu hakuwahi kupanda chombo cha majini na hakujua kuogelea, kwa hiyo alivaa jaketi la kuelea akalikaza mpaka akashindwa kuinamisha shingo. Muthama alimwachia usukani kwanza. Mguu wa boti ulitii kidole kimoja tu. Maji yakapasuka pande mbili, meupe, na Kavindu akaongeza mwendo.

"Fundi, sasa turudi, na sisi tushike kidogo," Muthama akasema.

"Sisikii, injini ina kelele," Kavindu akajibu, akakata kona kubwa.

Kofia ya Shiru ikapeperuka ikaangukia majini. Ilibidi waizunguke ili waiokote. Mara ya kwanza Kavindu aliikosa. Ya pili pia aliikosa, na Shiru, akiwa amejishika mbavu kwa kicheko, akamwambia asiharakishe, ile kofia haiendi popote.