Mama Yangu Mzazi Ananiamkia Shikamoo

Admin, nifichie jina, ndugu zangu wapo humu na baadhi ya mambo nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka 43, mjane, nafanya usafi kwenye loji moja hapa Mikumi. Nina mdomo, wanaonijua wanajua, lakini kwa hili nimeufunga miezi minne na linanitafuna.

Mama yangu ni mkulima wa vitunguu wa Lumuma. Mwaka jana alianza kusahau: sufuria jikoni, majina ya wajukuu. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Kilosa mjini, akamtoa kule akamleta kwangu. Mchana alikuwa mama yangu kabisa, ananisema nikiunguza maharage, anacheka. Shida ilikuwa alfajiri. Saa kumi anaamka, anatafuta jembe, anafungua mlango. Ukimuuliza anasema zamu yake ya maji shambani imefika, asipowahi wenzake watayageuzia kwao. Zamu ya maji, Mikumi! Huku tembo wanapita mpaka nyuma ya nyumba. Nikawa nalala nimeegemea mlango, kazini nasinzia juu ya mashuka ya wageni.

Dada mmoja anayeuza virutubisho mtandaoni akaniuzia kopo la melatonini, vidonge vya kuleta usingizi. Alisema si dawa, ni kitu ambacho hata mwili wenyewe unakitengeneza, hakina madhara, nimpe kimoja kabla ya kulala. Sikumuuliza daktari. Kimoja kilipogoma nikampa viwili, viwili vikawa vitatu. Mama akalala. Na mimi nikalala, sitawadanganya, nilifurahi.

Lakini akawa anaamka saa nne, saa tano, macho mazito, anapepesuka, haulizi chai wala jembe. Niliona, nikajiambia ni uzee. Halafu siku moja nimemwekea uji, akanitazama muda mrefu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama yangu mzazi. Nikadhani ananitania. Akarudia, na safari hii kwa sauti ya mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kukosa adabu. Nilikuwa nimechelewa kazini, nilitaka anywe uji yaishe. Nikamjibu, "Marahaba." Mungu anisamehe, nilimwitikia. Akatulia, akanywa. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoishi.

Jioni ile ile nilitupa kopo chooni, na wiki iliyofuata nikampeleka hospitali, nikamweleza daktari kila kitu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema ugonjwa wa kusahau alikuwa nao tayari na ungeendelea hata bila vidonge. Ila kwa mzee kama yule, na kwa wingi ule, vinaweza kumlevya na kumchanganya mchana. Kwamba ndivyo vilivyonifuta mimi kichwani mwake, hawezi kusema ndiyo wala hapana. Basi nimebaki hapo. Mama sasa hapepesuki, alfajiri anaamka kama zamani, mlango nimeutia komeo. Mimi bado hanijui.

Mwezi uliopita kaka alikuja, naye akaamkiwa shikamoo. Mwanaume mzima alitoka nje, akakaa kizingitini analia.

"Mimi ndiye nimemmaliza mama," akasema. "Nimemtoa kwenye shamba lake nikamleta ugenini, akili ikapotea."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Katika ndugu wote, kopo nililijua mimi peke yangu. Nikamwambia, usilie kaka. Basi, nikaishia hapo. Tangu siku hiyo ananipigia karibu kila jioni, anataka niweke simu sikioni kwa mama amwombe msamaha, na mama anaitika "ndiyo, baba" bila kujua anaongea na nani.

Jumamosi anakuja tena. Nikimwambia, najua atamchukua mama na hatanisemesha mpaka naingia kaburini. Nikinyamaza, atazeeka akijihukumu kwa kosa ambalo huenda ni langu. Na mama mwenyewe siwezi hata kumwomba radhi. Nilijaribu jana, nikampigia magoti huku nalia. Aliogopa, akanishika mikono aniinue.

"Inuka, mama," akaniambia. "Mtu mzima hampigii mtoto magoti."

Nitukaneni mnavyotaka, najua nimestahili. Ila mkimaliza, ninyi mliowahi kulea mzazi, naomba jibu kabla ya Jumamosi: nimwambie kaka, au nife nalo?