Kiwanja Chenye Miti ya Mtu

Mwanangu, ipo asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilifunga mlango wa chumba cha kupanga hapa Chake Chake, nikashika njia bila kujua naelekea wapi. Ndivyo nilivyokuwa. Skuli niliiacha darasa la sita, nikazunguka kisiwa hiki kutoka Makangale hadi Kengeja kwa kila kazi iliyonipita mbele, na popote nilipofika nilikuwa mtu wa kuuliza: kisima hiki kachimba nani, mbao hizi zimetoka wapi. Lakini safari hii nilikuwa na jambo zito. Mke wangu Salma alikuwa kwao Wambaa, na alikwisha kunambia kwamba hatotandika tena mkeka wake katika nyumba ya mtu. Tulikwisha kuhamishwa mara nne. Ya tano hakuitaka.

Nikatokea kitongoji kimoja nje ya mji. Jina lake nitaliacha, maana watu wema wapo pia. Hapo nikakutana na dalali, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Akanionesha kiwanja: pahala pa juu, maji hayasimami, barabara iko karibu, na bei ya mtu kama mimi. Mikarafuu mitano imesimama katikati. Nikaipenda, nikaona kivuli cha bure.

Nilitaka kuuliza habari ya ile miti. Ulimi ulifika mpaka kwenye meno. Lakini dalali alishatoa karatasi, na mimi mbele ya karatasi nilikuwa naona haya. Nikaogopa kuonekana mjinga. Nikasoma polepole, nikaona neno ardhi, nikatia saini. Mzee mmoja jirani, Mzee Faki, akatia yake kuwa shahidi. Kabla ya jua kuzama akiba yetu yote ilikuwa imekwisha, nami nampigia Salma simu nikicheka peke yangu.

Msimu wa karafuu ulipoingia, nishasafisha uwanja na mawe ya msingi nishayapanga, akaja bibi mmoja na wachumaji wake, mikeka kwapani.

"Karibu, Bi," nikamwambia.

"Karibu ya nini, baba, na mie niko kwangu?"

Jina lake Bi Time. Akanitazama, akayatazama na mawe yangu. "Wewe umeuziwa udongo. Mikarafuu kaniachia baba yangu. Hukuambiwa?"

Wewe mwanangu umezaliwa hapa, wajua kwamba kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ya yule. Mimi pia nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Na mkarafuu haukatwi bila ruhusa ya serikali, hata ukiwa wako, seuze wa mwenzako. Nilikuwa nimenunua pahala pasipojengeka.

Nikamwendea dalali. Hata hakuinuka kitini.

"Ndugu yangu, soma karatasi yako. Pana pahala pameandikwa mti?"

"Ulijua kuwa nataka kujenga."

"Sasa ulitaka nikuandikie na kunguru walio juu yake?"

Waliokuwa pale wakacheka. Mimi sikucheka, na sijacheka mpaka leo. Lakini dalali alikuwa kazini kwake. Aliyenikera zaidi ni Mzee Faki, mtu wa safu ya mbele mskitini. Nilimuuliza kama alijua.

"Nilijua."

"Mbona hukunambia, mzee wangu?"

"Hukuniuliza. Nikadhani mmeshazungumza."

Mtu anamuona mwenzake anaingia shimoni, anamshikia na taa ili aone vizuri pa kutia saini. Huo nauita uovu, hata kama mwenyewe anauita adabu.

Bi Time ndiye aliyenisema, na alinisema kweli. "Umekuja asubuhi, jioni ushanunua. Mbuzi hutazamwa meno, wewe nyumba ya kukaa mpaka uzikwe hukubisha hodi hata mlango mmoja! Ungekuja kwangu ningekwambia." Kisha akanunua ule udongo kwa kile alichokuwa nacho, ambacho hakikufika hata nusu. Nikakipokea.

Salma nilimwambia kila kitu. Akasema: "Safari hii tafuta watu kwanza. Ukiwapata, hata chumba cha kupanga nitakuja."

Nikatoka tena na kifurushi changu, nikafika Wawi, nikabisha hodi nyumba ya kwanza. Akatoka mama mmoja, Bi Mwanaidi, mikono ina unga.

"Dalali wa viwanja anakaa kule," akaniwahi.

"Sitaki kiwanja, Bi. Nataka chumba."

"Una mke?"

"Yuko Wambaa. Anangoja nimwite."

"Chumba kipo. Ila kinavuja pembe ile ya kibla, kisima kinakauka kiangazi, na jirani yangu ana mdomo. Nakwambia mapema."

Nikaweka kifurushi changu chini. Nilikuwa sijamuuliza hata moja katika hayo. Jioni ile nikamwita Salma, na alikuja.

Sasa mwanangu, jana umenionesha kiwanja kwenye simu, picha nzuri, na dalali anakwambia kuna watu watatu wanakingoja. Waache wakichukue. Nilikukaripia jana, lakini hasira zile hazikuwa kwako. Panga chumba kwanza mtaa huohuo, ukae masika na kiangazi, uone maji yanapita wapi. Uliza miti ya nani, njia ya nani, kaburi la nani. Uliza hata lile unaloona ni la kijinga, na anayekucheka usinunue kwake. Na siku ukiitwa wewe kuwa shahidi, ufungue mdomo kabla ya kushika kalamu.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye jirani wa kukwambia kweli hujamuuliza, na akujaalie nawe uwe jirani wa namna hiyo. Amin.