Sufuria yangu iko chini ya gari

Kama mutu anakuambia gari haikule sufuria, umuambie akuje kwangu. Yangu ilikuliwa. Na liputa, kitenge yangu, juu yake.

Ile wakati ya vita, mabato, mashua kubwa ya mutoni, ilikuwa haipande tena kutoka Kinshasa. Chumvi inakosa, sabuni inakosa, sasa pièce, spea ya gari, utaitoa wapi? Mu njia ilibakia toleka tu: kinga, ni kusema baiskeli, yenye kiti nyuma, unakaa, kijana anapiga pedali. Shiye bote tulikuwa mu toleka, banene na bakonda. Bwana yangu alikuwa na gari moja ya zamani ya Bafaransa. Boîte yake ya vitesse, sanduku ya gia, ilivunjika, ikakaa nyuma ya nyumba, kuku yangu zinatagia ndani. Mi nilikuwa naona ni vizuri vile.

Bon, binti yetu ya kwanza akapata bwana. Siku ya kanisa ikawekwa. Tuko tunakula, papa ya batoto anasema:

"Mutoto yangu hatafika ku kanisa juu ya toleka."

"Atafika na nini? Na ndege?"

"Na gari."

"Ile ya kuku?"

Kesho yake akaenda mutaa ya Simi-Simi, akarudia na boîte juu ya pousse-pousse, mukokoteni ya kusukuma. Ilitoka ku kamionette ya Bajapani yenye ilikufa. Vitesse tano! Anaionyesha jirani bote, kama mutu anaonyesha mutoto mupya. Nikamuuliza:

"Motere ni ya Bafaransa, boîte ni ya Bajapani. Batasikilizana namna gani?"

"Mama, weye shugulika na pondu, majani yako ya muhogo."

Alors, hazikusikilizana. Boulon, bolti ya huku, haionane na tundu ya kule. Ikabidi chuma ya katikati, kama sahani kubwa, upande moja inashika motere, upande ingine inashika boîte. Kwetu kulikuwa papa muzee moja, anayeyusha aluminium mu moto, anaimwanga mu muchanga, inatoka sufuria. Bwana yangu akaenda kumuona. Muzee anasema, leta aluminium. Unajua alipeleka nini?

Sufuria yangu. Ile kubwa, ya matanga na ya ndoa, yenye jirani bote balikuwa banaazima. Natoka ku soko, naangalia mu jiko: hakuna. Nikakimbia kwa muzee, nikakuta imekwisha kuwa maji.

"Papa, sufuria yangu!"

Muzee hata hakushituka. "Mama, ile sufuria ni mi niliitengeneza. Niliitoa ku piston ya lori. Sasa inarudia kwabo."

Inarudia kwabo! Na ndoa iko inakuja, nitapika madesu, maharagwe ya bageni, mu kofia?

Ngoja kwanza. Kwa kujua matundu itakaa wapi, bwana yangu alitwaa kitambaa, akaikandamiza ku mugongo ya motere yenye mafuta chafu, alama ya matundu ikashika. Kitambaa gani? Liputa yangu mupya, yenye nilitunza mu valise kwa siku ya kanisa. Nikaifungua mbele yake, mafuta matupu.

"Nitakununulia ingine," anasema.

"Itakuja na bato gani?"

Muzee akafuata alama ya liputa, akamwanga sahani, akatoboa. Bakaipeleka ku motere. Boulon mbili zikaingia, zingine zikakatala. Bote bawili banageuza, banapiga nyundo, banatukana Bajapani. Mi niko pale natwanga pondu, nikachoka:

"Nguo inavutika! Uliivuta kama ngozi ya ngoma, sasa unataka tundu ikae palepale? Mutu mwenye hajafuaka nguo hata siku moja, njo anafanya mambo ya hivi!"

Sahani ikarudi mu moto, sufuria yangu ikachomwa mara ya pili. Sasa bakapima na karato kavu ya boksi, yenye haivutike. Disque ya embrayage, ile ya klachi, nayo bakaikata: tumbo ya Bajapani mu mwili ya Bafaransa, bakaifunga na misumari ya rivet. Ikashika. Motere ikawaka, kuku zikakimbia, bwana yangu anaimba. Akakaa ku volant, ku usukani, akanyoosha mukono ashike levier ya vitesse. Mukono haikute kitu.

Ile boîte ilikuwa murefu kupita ya zamani. Levier ilitokea nyuma ya kiti yake, pale miguu ya batu ya nyuma inakaa.

"Sasa," nikamuambia, "utaweka vitesse na mukia?"

Akafikiri. Akaniangalia na macho tamu-tamu. Nikajua.

Siku ya ndoa, binti nyuma na robe nyeupe, mi pembeni yake na liputa ya kuazima, levier mbele ya magoti yangu. Kule mbele, bwana yangu na dada yake, mama ya mwili mingi, anajaza kiti. Bwana anafinya pedali, anapiga kelele: "Moja!" Nasukuma. "Mbili!" Navuta. Binti anacheka mpaka machozi.

"Wifi," dada yake anasema, "leo ni weye chauffeur!"

Karibu na kanisa kulikuwa kipande ya goudron, ya lami, yenye ilibakia nzuri. Batu basimama, banaangalia.

"Weka ya tano!" bwana yangu anaita.

"Tano ya wapi? Tuko ku ya pili!"

"Mama, weka ya tano, batu banaona!"

Nikaweka. Gari ikakohoa, ikalala. Kanisa iko pale, unaweza kuitupia jiwe. Bijana ya toleka balikuwa nyuma yetu, banapiga kengele. Bakaangusha kinga zabo, bakasukuma gari, banaimba: "Papa, karibu ku toleka!" Lakini mutoto alishukia ku mulango ya kanisa, ndani ya gari. Bwana yangu akafunga koti, kifua mbele, kama vile hakuna kitu ilipita.

Kurudia sasa. Bibi na bwana harusi lazima bakae nyuma. Na mi? Kwetu mama-mukwe na bokilo yake, bwana ya binti yake, habakai magoti kwa magoti, ni haya kubwa. Mbele iko wifi na mwili yake. Donc bwana yangu akamuita bokilo mupya, na kravati yake:

"Mutoto, nikisema moja, unasukuma. Nikisema mbili, unavuta."

Njo kazi yake ya kwanza mu jamaa yetu.

Mi nikapanda toleka. Sufuria imekwenda, liputa imekwenda, sasa na kiti! Nilikuwa naongea hasira peke yangu, mpaka kijana ya toleka akauliza, "Mama, unanisemea miye?" Ku mashimo ya njia tukaikuta gari, inaingia inatoka pole pole, na sauti ya bwana yangu ndani:

"Moja! Nasema moja, bokilo! Ile ni ya kurudi nyuma!"

Nikamupiga kijana ku mugongo. "Ubapite! Ubapite!" Tukabapita. Nikabapungia mukono. Mpaka bafike ku nyumba, nilikuwa nimekwisha kugeuza madesu mu sufuria ya jirani.