Karani wa Tiketi

Dawati la karani linatazamana na langu, katika ofisi yetu ya tiketi za ndege hapa Westlands. Kabla ya kumkabidhi msafiri tiketi, hunyoosha pembe za pasipoti kwa kidole gumba, kisha humuuliza kuhusu bima ya safari. Wengi hukunja uso. "Dada, unaniombea nigonjeke?"

"Hapana. Nataka urudi," hujibu bila kuinua macho.

Mteja akipiga simu kutoka hospitali ya ng'ambo, yeye husimama, huchukua kalamu na kushusha sauti: "Pole. Nisomee namba ya bima."

Jana aliyepiga simu ni Mzee Sharif, aliyeikataa bima mbele yangu. Mkewe alikuwa ameanguka huko India, na hospitali ilitaka malipo kwanza. Karani alisimama vilevile.

"Pole, baba."

Mzee aliendelea kueleza.

"Pole, baba."

Kalamu ilibaki mezani.