Nywele Ndani ya Shofaji

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari wa Kirotshe alikuwa amesema ashuke mapema hospitalini kwake, asingoje uchungu. Lakini huku kwetu juu Masisi ukungu hauna adabu, unaingia hadi ndani ya gari. Shofaji ya jeep yetu ilikuwa imekufa, haipulizi tena hewa ya moto kwenye kioo cha mbele. Nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja, wa pili unafuta kioo kwa kitambaa, na upande mmoja wa barabara ile ni bonde tupu. Niliogopa kumshusha.

Kaka yake, fundi, akaja kutoka Kibua na moteri nyingine ya shofaji ndani ya mfuko. Sikuwahi kumwamini mtu yule. Siku ya ndoa yetu hakucheza hata wimbo mmoja. Tena kwao Walikale, ukoo wa baba yake bado unashika mambo ya wazee. Mimi ni shemasi, kila Jumapili nafundisha kwamba dawa za kuroga watu hazimwezi anayesali. Kufundisha nafundisha. Kuamini ni kazi nyingine.

Alipofika alikataa chakula, eti amalize kazi kwanza. Nikaliweka moyoni. Kisha akauliza, “Dada yangu anaikalaka upande gani?” Hilo nalo nikaliweka. Akainama pale pale miguu ya mke wangu inapokaa, akachomoa kisanduku cha makaratasi kwenye dashibodi, akafungua skrubu tatu. Nilisimama mlangoni nikihesabu kila mkono wake ulipoingia na ulipotoka.

Moteri ya zamani ikatoka, na nyuma yake kifurushi. Nywele ndefu nyeusi, nyuzi nyekundu, majani makavu, vyote vimesokotwa pamoja. Nywele zile nilizijua. Damu ikanipanda.

“Shemeji, unatuwekea dawa? Unataka mutoto akufe mu tumbo ya dada yako?”

Nilipiga kelele hata majirani wakaacha majembe. Yeye aliweka kifurushi chini, akakifungua taratibu kwa ncha ya bisibisi. Ndani mlikuwa na vitoto vinne vya panya, havina manyoya, macho yamefumba.

Mke wangu alikuwa ametoka nje, ameshika mgongo. “Nywele iko yangu,” akasema. “Minasanukaka na kitana mu gari kila siku ya yenga, tukiendaka mu kanisa. Na weye njo unaendeshaka.”

Hasira ilikuwa imeondoka yote, ikaniachia aibu.

Shemeji akarudi kazini. Akafunga moteri mpya, akaunganisha nyaya, akazizungushia utepe mara mbili pale karibu na miguu ya dada yake, zisimkwaruze. Ndiyo maana aliuliza upande. Akawasha, hewa ikapuliza, kioo kikawa safi. Kwetu fundi asiyerudisha kipande cha zamani huitwa mwizi, naye alikiweka mikononi mwangu mbele ya majirani wote, bila kunitazama.

Mke wangu akamletea sahani. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini hakula. “Iko muzuri, dada,” akasema, akabeba mfuko wake, akashuka kwa miguu.

Kesho yake tuliteremka Kirotshe. Ukungu ulitufuata hadi karibu na ziwa, na kioo hakikupata hata doa. Mtoto wa kike alizaliwa baada ya siku tisa, mzima, na sauti yake ilinitoa machozi.

Mjomba wake hakuja kumwona. Alituma nguo kwa mtu aliyekuwa anapita: gauni tatu, kofia, soksi. Hakuzifunga wala kuzikunja. Zilikuwa ndani ya plastiki inayoonyesha kila kitu, na mifuko ya gauni imegeuzwa nje. Yule aliyezileta alikuwa na ujumbe kwa mke wangu:

“Umuambie bwana yako nimekunjula byote. Aangalie muzuri.”