Mzee Ngari Aliyeshindwa Kusema Ana Shida

Ngari wa mtaa wa Tuwan, muuza miche ya kabeji na sukuma wiki, hakuwahi kumwambia mtu kwamba mambo ni mabaya. Hakuwa mwongo, alilelewa hivyo. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba mtu akikujulia hali amekuheshimu, na heshima hairudishwi kwa malalamiko. Siku alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni akavunjika mkono, daktari alimuuliza, "Habari ya leo, mzee?" Ngari akajibu, "Nzuri sana, tunashukuru Mungu." Akapewa dawa ya minyoo, akarudi nayo nyumbani mkono ukining'inia.

Basi Machi ya mwaka 2006, alasiri moja, upepo kutoka upande wa Endebess ulilinyakua paa la nyumba yake, lote pamoja na mbao, ukalitua juu ya zizi la jirani yake Waithera. Ng'ombe wa Waithera aliendelea kucheua. Mabati yalikuwa yamekunjika na kutoboka, hayafai tena hata kwa banda la kuku. Ngari, mkewe Bilha na watoto wao watatu wakabaki wakitazamana na mawingu.

Wakati huo kanjo, yaani baraza la mji, ilikuwa ikitoa msaada wa dharura kwa familia zilizopatwa na janga: mabati, blanketi na unga. Bilha alisikia habari hizo kanisani, na Jumatatu akamsindikiza mumewe hadi barabarani.

"Baba Kabiru, sema hatuna paa. Maneno mawili tu."

"Nitasema," Ngari akaahidi, na njia nzima aliyarudiarudia maneno hayo mawili.

Afisa aliyempokea aliitwa Edah, mama mpole wa Bungoma, mwenye fomu ndefu na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Karibu, mzee. Habari ya nyumbani?"

"Nzuri sana, madam."

"Watoto?"

"Wazima kabisa."

"Na nyumba yenyewe?"

Ngari akayatafuta yale maneno mawili, akapata mengine. "Ipo," akasema. "Ina hewa safi."

"Maji mnapata?"

"Mengi. Siku hizi yanatufuata mpaka kitandani."

Edah akadhani wamevuta mfereji hadi chumbani, akaandika hivyo hivyo. Baada ya wiki moja barua ikaja: familia ya Ngari haina janga, na inapongezwa kwa kuwa na maji ndani ya nyumba.

Bilha aliisoma mara mbili chini ya mwavuli, akiwa amekaa kwenye kochi lake. Hakugombana na mtu. Alimwita jirani yao Kinyua aje ajifanye afisa, ili Ngari afanye mazoezi.

"Habari ya nyumbani?" Kinyua akauliza kwa sauti nzito.

"Mba..." Ngari akaanza. "Mba... mbali na hayo, nzuri."

Kinyua alicheka mpaka akaomba maji, akaelekezwa kwenye sufuria iliyokuwa ikijaa yenyewe juu ya meza.

Bilha akajifunga leso, akaenda kanjo mwenyewe, akamwomba Edah aje aone kwa macho yake. Edah akaja Alhamisi, na mvua ikaja naye. Aliingia sebuleni, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Ni kweli, nimeona," akasema. "Lakini fomu inataka mwenye nyumba ajibu kwa kinywa chake. Mama Kabiru, tafadhali usimsaidie." Bilha akauma pindo la leso.

Ngari alimkaribisha mgeni kwa chai ya maziwa. Edah akanywa nusu kikombe, akageuza ukurasa wa fomu, na alipotazama tena kikombe kilikuwa kimejaa. Akanywa tena. Kikajaa tena. Kwao Bungoma mtu haachi chai ya mwenyeji, kwa hiyo alivumilia, na kila mara chai ilizidi kuwa nyeupe na baridi.

"Chai iko sawa, madam?" Ngari akauliza.

"Tamu sana," Edah akajibu, huku akimeza maji ya mvua.

Kisha akatazama kile kikombe, akamtazama Ngari aliyekaa wima na kofia yake ikichuruzika, na hapo akamwelewa kabisa. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, si paa lenu ni salama?"

"Salama salimini," Ngari akajibu kwa furaha, maana swali hilo alilimudu.

"Liko wapi?"

"Liko kwa Waithera. Juu ya ng'ombe."

Edah akaandika neno kwa neno, akampa atie sahihi kabla wino haujasambaa.

Jumamosi lori la kanjo lilileta mabati ishirini na manne, blanketi tano na gunia la unga. Ngari aliomba msamaha kwa dereva kwa kumsumbua, kisha akambebesha miche ya kabeji mpaka dereva akakosa pa kukalia. Fundi Mbogo, aliyekuja na mbao zake, alipigilia misumari hadi jioni ya Jumapili.

Usiku huo mvua ilinyesha kubwa. Mabati mapya yalikuwa na kelele kiasi kwamba mtu na mkewe hawakuweza kusikizana hata wakipaza sauti, nao walilala fofofo, wakavu, mpaka Waithera alipokuja asubuhi kuuliza kama bado wanahitaji zile mbao zilizobaki juu ya zizi lake.